Neno Lisilo na Irabu

Bani Malik, Jeddah

Salha mwanangu,

Salamu nitaziweka kando kidogo, kwa sababu najua huzitaki kabla hujajua jambo moja. Pasipoti yako ninayo mimi. Sijaichana, sijaichoma, wala sijampa mtu. Iko hapa mezani karibu na mkono wangu wa kushoto. Ndege yako ni kesho baada ya adhuhuri, na mpaka ninapoandika mstari huu sijaamua kama nitakupa. Nimekaa kuandika ili nijue.

Mambo ya dawa ya tumbo, ya shuka na soksi, ya kupiga simu ukifika, baba yako ameshakuhubiria, mimi siyarudii. Sasa hivi yuko sebuleni anajifanya anatazama mpira. Kila akipita mlangoni anasema neno lile lile: "Mwanaisha, mpe mtoto chake." Mzanzibari yule akishika jambo haliachi. Nimemwambia aniache na kalamu yangu.

Juzi ulinijia jikoni na simu mkononi, uso umejaa furaha, ukanisomea kwamba umekubaliwa. Unakwenda kufundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye kambi za watu wa Sahara Magharibi, ambao mpaka leo hawajapata kujiamulia mambo ya nchi yao. Shirika la nje litagharimia kila kitu. Ukasema, "Mama, huu mpango ni wa elimu kwa nchi ambazo bado hazijajitawala." Nikakuuliza, "Kumbe makoloni bado yapo?" Ukacheka, ukadhani natania. Mimi nilikuwa nimeshakiona kidole cha babu yako.

Ndipo nikakupiga. Nilikupiga kwa mwiko niliokuwa nasongea ugali, ukiwa na moto wake, begani kwanza, halafu kichwani. Mwiko ulipovunjika nikaendelea na kipande kilichobaki, na damu ilipokutoka nyuma ya sikio sikuacha. Nikaufungua mkoba wako nikaitoa pasipoti. Uliponiomba nikakupigia kelele, "Mafi pasipoti!" yaani hakuna pasipoti. Maneno yale si yangu, Salha. Ni ya mwanamke mwingine, na sauti iliyotoka ilikuwa sauti yake hasa. Nataka ujue yalikotoka, ndiyo maana nakurudisha nyuma.

Babu yako alikuwa kijana wa kiwanda cha kuchambua pamba, kwetu pwani ya Kenya, siku za mkoloni. Karani mmoja wa pale alianzisha darasa la jioni kwa wafanyakazi, watu wazima wenye ndevu, wakikaa juu ya marobota ya pamba. Vitabu vilikuja kwa sanduku kutoka ng'ambo, zawadi ya watu wa nchi za mbali waliosikia kwamba tunatawaliwa na hatujui hata kusoma majina yetu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mtu na jembe, na chini yake imeandikwa: Baba analima. Wote walikuwa watu wa mashine, hakuna aliyekuwa akilima, lakini walisoma hivyo hivyo, baba analima, baba analima, mpaka wakajua.

Walipojua, wakaenda kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kiwanda, ambayo miaka yote nyapara alikuwa akiwaambia ni sala ya Kizungu. Kumbe ilikuwa ni amri kwamba atakayeugua atafukuzwa na nyumba yake itabomolewa. Wakaisoma kwa sauti, wote kwa pamoja, mchana kweupe. Jioni ile meneja akaja darasani na askari. Vitabu vikapigwa kibiriti hapo hapo. Kisha meneja akawapanga mstari mbele ya meza ya mizani, akauliza kila mmoja, "Unasomea kidole gani?"

Babu yako alinyoosha kidole cha shahada, kwa sababu ndicho alichokuwa akifuatia mistari. Askari akakiweka mezani akakiponda kwa kitako cha bunduki mpaka mfupa ukatokeza. Mwenzake akajifanya mjanja, akasema yeye hatumii kidole, anasoma kwa macho tu. Wakampiga macho. Babu yako alikuwa akinisimulia haya huku akila, kidole kile kimepinda kama ndoana, tonge linamponyoka. Akimaliza husema, "Mwanaisha, kila herufi ya dunia hii ina rungu nyuma yake." Hakunipeleka shule. Alinipeleka chuoni nisome Kurani, akasema hiyo hakuna mzungu atakayekuvunja kidole kwayo.

Wa kuvunja hakuwa mzungu, alikuwa mwalimu na bakora yake, lakini nilisoma. Nawe unajua msahafu ulivyo, una irabu zote, vile vijistari vya juu na chini vinavyokuelekeza, hapa sema a, hapa i, hapa u. Nilihitimu nikiwa nasoma mfululizo bila kukwama, maana ya ninachosoma siijui. Nilijiona msomi. Nilipopata kazi ya nyumbani huku Saudia, mjini Riyadh, nyumba moja ya mtaa wa Al-Suwaidi, niliwaringia wenzangu kwenye ndege: nyie mtapata taabu, mimi Kiarabu nakisoma.

Hata mwezi haujaisha, familia ilikuwa imekaa chini kuzunguka sinia la mchana. Mama yake bosi, bibi kizee mpole, akamsogezea mjukuu wake bakuli la mchuzi wa moto, akamwambia, "Samm, ya walidi, samm." Mimi nimesimama na jagi la maji. Nilichosikia ni sumu. Akasema tena, samm. Nikaona mtoto anapeleka bakuli mdomoni, nikatupa jagi, nikapiga kelele "Sumu! Usile!" nikalipiga bakuli kwa kiganja. Mchuzi wote ukamwagika mapajani mwa yule bibi.

Alilia kama kinda la ndege, na kilio chake ndicho kilichoniumiza kuliko yaliyofuata. Madam, mke wa bosi, alinipiga na mfuniko wa sufuria mdomoni. Lile pengo langu ulilokuwa ukiingiza kidole ulipokuwa mdogo ndiyo zawadi yake. Kisha akachukua mpira wa gesi. Bosi alinishika mikono miwili kwa nyuma, naye akanipiga nao mgongoni, miguuni, matitini, akihema, huku akisema, "Inti mafi mukh! Mafi mukh!" yaani sina akili. Nikaomba pasipoti yangu nirudi kwetu. Akaja na uso wake mpaka puani mwangu, akasema neno ulilolisikia jikoni juzi.

Aliyenieleza kosa langu ni dereva wa nyumba ile, Juma, ambaye leo anatazama mpira sebuleni. Alinikuta uani nafua nguo huku natema damu. Akasema, "Wallahi dada, umejiponza. Huku mtu akikukaribisha chakula anakwambia samm, yaani piga bismillahi ule. Sumu gani tena, we!" Akacheka, kisha akauona mgongo wangu, akakata kicheko. Nikalishika lile neno. Nikaapa sitalikosea tena maisha yangu yote. Samm: piga bismillahi, ule.

Tangu siku ile madam akitoka hunifungia stoo, eti nisije nikaunguza mtu mwingine. Chakula alikata, kilibaki chai na mkate mkavu. Siku moja waliondoka kwenda harusini, wakanisahau humo mpaka kesho yake. Salha, njaa si tumbo kulia tu. Njaa ni mtu mwingine anaingia ndani yako anakaa. Nikaanza kupekua rafu. Nikaona kopo la biskuti, limebandikwa karatasi, na juu yake herufi mbili kwa mkono wa madam: sini na mimu. Juu hakuna kijistari, chini hakuna kijistari. Kiarabu cha mtaani hakiandikwi irabu, mwenyewe ndiye wa kuzitia kichwani.

Nikazitia. Nilifurahi, sikufichi. Nikajiambia, hili nalijua, hili limenigharimu jino. Samm. Ndani mlikuwa na ngano nyekundu yenye harufu ya siagi, nikadhani ni vitamutamu vya wageni. Nikapiga bismillahi, kama nilivyofundishwa, nikala kwa viganja.

Ilikuwa sumu ya panya. Neno ni moja na herufi ni zile zile. Nilipolisikia mara ya kwanza lilikuwa karamu nikalifanya sumu, na nilipolisoma lilikuwa sumu nikalifanya karamu. Nimelifikiria sana jambo hili nikiosha vyombo vya watu. Neno lisilo na irabu unalijaza kwa ulichonacho. Mwenye hofu hulijaza hofu, na mwenye njaa hulijaza njaa.

Haikuniua papo hapo. Zilipita siku kadhaa, damu ikaanza kunitoka kwenye fizi, halafu puani, kisha mkojo ukawa mwekundu. Madam alisema najitia ugonjwa ili nirudishwe, akanipiga teke la mbavu nikiwa nimelala kwenye sakafu ya jikoni. Teke lile likanitoa mapovu ya damu mdomoni. Juma ndiye aliyenibeba begani akanitia garini bila kumuomba mtu ruhusa, na akanisimamia hospitali. Madam alikwishapiga simu kuwaambia madaktari nilitaka kujiua. Wakaniuliza kwa nini. Nikajibu, "Nilisoma." Juma akatafsiri, akarudia tena, hawakuelewa. Kweli, nani angeelewa?

Bosi aliogopa maneno ya watu, akakubali nihamishiwe kafili mwingine, yaani mwajiri anayenidhamini, huku Jeddah, nyumba ya mtaa wa Al-Safa, watu wasio na makuu. Juma alinifuata. Yaliyobaki ya Juma unayajua, kwa kuwa ndiyo wewe.

Sasa nikufikishe hapa Bani Malik, halafu nimalize. Mwende, yule Mkamba aliyekuwa akikuletea peremende, alikuwa na chumba ghorofa ya juu, na siku za Ijumaa alifundisha wanawake wa kazi za nyumbani kusoma Kiswahili kwa herufi za Kizungu. Tulikuwa Waislamu na Wakristo, tumejazana sakafuni, mlango umefungwa, viatu tumeingiza ndani ili majirani wasituhesabu. Naye alikuwa na vitabu vya wafadhili, vilikuja ndani ya sanduku la mtu. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikataka kucheka, nikashindwa. Picha ya mtu na jembe. Safari hii ni mwanamke: Mama analima. Nchi zimepata uhuru, bendera zimebadilika, na jembe lile lile bado lipo.

Nilimsimulia Mwende habari za kidole cha babu yako. Akakifunga kitabu. Akatuambia, "Wacha kwanza hii ya kulima. Kila mtu aniambie neno moja lenye lilimfanya achapwe." Mmoja akasema ikama, kile kibali cha kuishi huku, kwa sababu aliulizwa barabarani akatoa kadi nyingine, akalala rumande. Mwingine akasema maziwa. Mwingine hakuweza kulitamka lake, alilia tu, Mwende akamwachia. Mimi nikasema sumu.

Akaliandika kwenye kipande cha boksi kwa makaa: SUMU. Akaniwekea kidole changu juu yake. Nikakitoa haraka kama nimeguswa na moto. Akacheka, "Sasa wewe, tulia. Hakuna mtu anakuja na bunduki." Nikakirudisha. Irabu zote zilikuwa ndani, u na u, wala huna haja ya kubahatisha. Neno lenyewe baya, lakini halinifichi kitu. Hilo ndilo neno la kwanza nililosoma na kuelewa maishani, na mimi ni mtu mzima mwenye mimba yako tumboni.

Kwa hiyo huko uendako wakubwa zako watakupa kitabu. Kipokee, washukuru, hao ni watu wa huruma, na bila huruma ya watu wasiotujua hata Mwende asingekuwa na kurasa za kugeuza. Ila jembe watakuletea mpaka jangwani. Liweke kando kidogo. Waulize wanawake wale neno gani liliwapiga, uanzie hapo. Na mtu mzima akikosea usimcheke. Ulikuwa na miaka kama sita uliponisikia nasoma kibao cha duka, ukanicheka mbele ya wateja, nikakuzaba kofi ukaanguka kwenye magunia ya mchele. Mtu mzima anayejifunza kusoma ana kidonda wazi, ukikigusa atarusha mkono kabla hajafikiri. Usimchukie. Rudi nyuma hatua moja, kisha msogelee tena.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na ni machache. Nilidhani nikijua kusoma nitakuwa mpole. Nimesoma vitabu vyako vyote vya shule, nimesoma magazeti ya kufungia samaki, mwisho nikachukua mwiko. Babu yako alinizuia shule ili nisipigwe, nikapigwa kwa sababu ya kuzuiwa kule. Mimi nikakupiga ili usije ukapigwa. Ukoo mzima tunakingana kwa magongo.

Naogopa, mwanangu. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mimi sina hakika kama huu ni ung'ongo. Huenda ni nyoka. Pale ambapo watu hawana nchi yao mkononi, mtu anayewafundisha kusoma hana mlinzi. Huenda siku moja mtu akafungua mlango wa darasa lako kwa teke akakuuliza unasomea kidole gani. Nimetafuta jibu la kukupa, usiku na mchana tangu juzi, sina. Ningekuwa na jibu ningelifunga kwenye mzigo wako pamoja na kahawa. Ninachojua ni kwamba babu yako hakujuta kuisoma ile karatasi ya mlangoni. Alichojutia ni mimi kutosoma. Aliniambia hivyo kwenye simu kabla hajafa, nikamwambia, baba, nyamaza, vocha inakwisha.

Nikwambie kilichonikalisha mezani hapa. Jana jioni nilipita nyuma yako jikoni kuchukua kikombe. Nilikuwa nataka chai tu. Ukanyanyua mkono ukajifunika kichwa, ukakunja shingo, hukuniangalia hata kidogo. Nilikuwa nikifanya hivyo hivyo kule Al-Suwaidi kila madam alipopita. Mkono ule ule, shingo ile ile. Nikakiacha kikombe nikaenda kukaa kitandani. Kuniogopa mimi ukiwa nyumbani kwangu kumeniuma kuliko mpira wa gesi.

Basi mpaka hapa nimeshajua. Mtu anayeficha pasipoti ya mwenziwe nimemjua kwa karibu sana, na sitakubali kuwa yeye, hata kwa mapenzi. Pasipoti yako nimeitia ndani ya bahasha hii. Ichukue. Usiniombe ruhusa, usinishukuru, ni yako. Kidonda cha nyuma ya sikio kisafishe kwa maji ya chumvi kabla ya kuvaa mtandio, na huko wakikuuliza ni cha nini, waambie kweli.

Salamu ndizo hizi sasa: Mungu akutangulie, akuzunguke, akurudishe. Kesho nitakuja uwanjani na baba yako. Nitasimama mbali kidogo, upande ambao unaweza kuniona. Ukishapita pale mwisho na ukageuka, utaniona nimenyanyua mkono. Usijikinge, mwanangu. Nitakuwa nakupungia.

Mamako,
Mwanaisha